Umeme Hauna Njia ya Panya

Akaaye mpakani hujifunza mapema kwamba kila lango lina njia ya kando. Busia na Malaba ni miji ya malango. Malori yatokayo Mombasa yakielekea Kampala, Kigali na Juba husimama hapo kwa foleni ndefu. Karatasi hukaguliwa, mihuri hupigwa, ushuru hulipwa. Mwaka 2018 kilifunguliwa rasmi huko Busia kituo kimoja cha forodha kitumiwacho na Kenya na Uganda kwa pamoja, ili msafiri asikaguliwe mara mbili. Lakini nyuma ya nyumba, katikati ya mashamba ya muhogo, vimo vijia vyembamba vipitavyo watu na baiskeli, visivyo na afisa wala muhuri. Watu huviita njia za panya. Mtoto wa mpakani huvijua kabla hajajua kusoma, na katika kuvijua hujifunza falsafa moja ya hatari: kwamba sheria ni ukuta uliojengwa na mtu, na ukuta uliojengwa na mtu huzungukwa na mtu.

Si nia yangu hapa kuwahukumu wavushao mahindi na sabuni kwa njia hizo; wako wenye kazi hiyo. Nia yangu ni kukuonya, msomaji, juu ya mahali ambapo falsafa ile inatolewa vijiani na kuingizwa ndani ya kuta za nyumba zetu. Wako watu wazima, wenye akili na mali, wazitazamao kanuni za uwekaji wa nyaya za umeme kama walitazamavyo lango la forodha: kizuizi cha serikali, kinachostahili kuzungukwa na mwerevu. Nasema kwamba wanakosea, na kwamba kosa lao halilipwi na wao peke yao. Afisa aweza kulala, karani aweza kuhongwa, na hakimu aweza kusamehe. Umeme haulali, haupokei hongo, wala haujui msamaha.

Umeme, au stima kama tuitavyo Kenya, si mgeni wa jana katika upande huu wa nchi. Bwawa la Owen Falls huko Jinja lilifunguliwa mwaka 1954, na mwaka huohuo iliundwa kampuni ya kujenga njia ya nyaya kubwa kutoka Tororo, mji wa Uganda ulio jirani na Malaba, mpaka Nairobi. Kwa miaka mingi umeme ulivuka mpaka kwenda kuwasha taa za mbali, na wakulima wa upande huu wakaendelea kuwasha koroboi. Hali hiyo imebadilika. Mwaka 2015 serikali ya Kenya ilipunguza malipo ya kuunganishiwa umeme kutoka shilingi 35,000 hadi shilingi 15,000, katika mpango wa kuufikisha umeme hadi nyumba za wananchi wa kawaida, na nguzo zikazidi kuingia vijijini. Hii ni neema kubwa, wala sitaki mtu yeyote asome insha hii akadhani kwamba naitukana. Mtoto asomaye kwa taa isiyotoa moshi amepewa macho mapya. Lakini neema ikija upesi kuliko maarifa huja na deni. Kampuni huleta waya hadi kwenye mita. Kutoka kwenye mita kwenda ndani, nyaya ni juu ya mwenye nyumba, na hapo ndipo njia za panya zinapoanzia.

Kanuni hizi ni nini, na nani alizileta? Wako wasemao kwamba ni uzushi wa ofisi za Nairobi, uliobuniwa ili mafundi maskini walipe ada. Historia inawakana. Mwaka 1882, mwaka uleule ambao kituo cha Thomas Edison kilianza kuuza umeme katika mji wa New York, chama cha wahandisi wa simu na umeme huko London kilitoa kanuni za kuzuia hatari ya moto utokanao na taa za umeme. Angalia tarehe hiyo, msomaji. Umeme ulikuwa bado haujaingia katika nyumba za watu wa kawaida mahali popote duniani, na tayari wale walioujua kuliko wengine wote walikuwa wameketi kuuandikia masharti. Hawakuandika kwa kuuchukia, bali kwa kuujua. Kanuni hizo zimesahihishwa mara nyingi tangu wakati huo, na mafundi wa Kenya wamezitumia kwa muda mrefu kama msingi wa kazi yao.

Ushuru wa forodha ni jambo la kuamuliwa. Bunge laweza kuupandisha, laweza kuushusha, na likitaka laweza kuufuta kabisa. Lakini hakuna bunge liwezalo kupiga kura kwamba waya mwembamba usipate moto, au kwamba mwili uliolowa usipitishe umeme. Kanuni za nyaya hazikuumba hatari. Zimeieleza tu kwa maandishi. Mtu akivuka mpaka kutoka Busia ya Kenya hadi Busia ya Uganda, hukuta fedha nyingine, bendera nyingine, na kampuni nyingine ya umeme, kwa maana tangu Aprili 2025 kazi ya kusambaza umeme huko iko mikononi mwa kampuni ya umma ya UEDCL, baada ya mkataba wa miaka 20 wa kampuni ya Umeme kumalizika. Lakini volti ni 240 upande huu na 240 upande ule. Waya usiostahili Kenya haustahili Uganda. Hapo hakuna kijia cha kupita nyuma ya nyumba.

Basi tuzikabili nyudhuru moja baada ya nyingine, kwa kuwa adui asiyejibiwa hudhani ameshinda.

Udhuru wa kwanza ni huu: "Taa inawaka, wataka nini tena?" Fundi hubonyeza swichi, chumba hung'aa, mwenye nyumba hutoa pesa, na wote wawili huamini kwamba kazi imethibitishwa. Uchunguze ushahidi huu kwa makini, maana ndio uwadanganyao wengi. Chukua makosa matatu. Katika la kwanza, fundi amepitisha kwenye swichi waya uurudishao umeme badala ya waya uuletao. Taa itawaka na kuzimika kama kawaida. Lakini ikizimwa, kishikio cha balbu hubaki na umeme, na mtu apandaye juu ya kiti kubadilisha balbu, naye ameizima swichi kama alivyofundishwa, huweza kushika mauti kwa mkono wake. Katika kosa la pili, hakuna waya wa ardhi. Birika la umeme litachemsha maji vilevile, na pasi itanyoosha nguo vilevile. Mpaka siku waya wa ndani utakapolegea ukagusa bati la birika, na bati lote likawa na volti 240, na umeme ukakosa njia ya kwenda ardhini isipokuwa mwili wa yule alishikaye. Katika kosa la tatu, waya ni mwembamba kuliko kazi uliyopewa. Taa zitawaka hata wiki, hata mwaka, huku plastiki ifunikayo waya ikiungua polepole ndani ya ukuta pasipo jicho la kuiona.

Makosa ni matatu, na katika yote matatu taa inawaka. Basi taa kuwaka ni ushahidi kwamba umeme umefika. Si ushahidi kwamba umefika salama. Ndiyo sababu kanuni hudai vipimo kabla ya umeme kuwashwa: kupima kama kila waya umeunganika tangu mwanzo hadi mwisho, kama waya wa ardhi umefika kweli katika kila soketi, kama swichi imekaa kwenye waya wake, na kama plastiki ya nyaya haivujishi umeme. Kipimo hiki cha mwisho hufanywa kwa volti 500, zaidi ya mara mbili ya zile za nyumbani, na ukinzani utakaopatikana usipungue omu milioni moja. Fundi ambaye chombo chake pekee cha kupimia ni bisibisi yenye kijitaa hajaikagua nyumba. Ameisalimu tu na kuondoka.

Udhuru wa pili ni wa mwenye nyumba za kupangisha, naye husema: "Mimi nafanya biashara, siwezi kununua shaba ya kujaza kuta." Malaba na Busia zimejaa vyumba vya kupanga na nyumba za wageni, kwa sababu dereva anayengoja foleni lazima alale, na mfanyabiashara lazima aoge. Katika vyumba hivyo hufungwa kifaa cha kupasha moto maji ya kuogea, kile kinachokaa juu ya kichwa cha mwogaji. Fanya hesabu hii, kwa maana umefundishwa shuleni kuifanya. Kifaa cha wati 5,000, ukigawanya kwa volti 240, huvuta ampea 20 na zaidi kidogo. Balbu ya zamani ya wati 60 ilivuta robo ya ampea. Maana yake ni kwamba mwogaji mmoja huvuta umeme wa balbu zaidi ya 80 kwa wakati mmoja. Sasa mwenye nyumba, ili asinunue waya mwingine, humwambia fundi aunge kifaa hicho kwenye waya wa taa, wa milimita mraba 1.5, uliokuwa karibu.

Huenda mtu akafikiri kwamba mkondo ukizidi mara mbili, joto la waya nalo huzidi mara mbili. Sivyo. Fizikia yako ya shule inasema kwamba joto hufuata mkondo uliozidishwa kwa wenyewe: mkondo mara mbili, joto mara nne, mkondo mara tatu, joto mara tisa. Hiyo ndiyo sababu kanuni hutaka kifaa cha kupasha maji kiwe na njia yake pekee, waya mnene wa milimita mraba 4 au 6 kwa kadiri ya nguvu ya kifaa na urefu wa njia, kikata umeme chake pekee, na waya wa ardhi. Kikata umeme kikianguka mara kwa mara, mwenye haraka hukilaumu na kuweka kingine kikubwa zaidi, au huifunga fyuzi kwa kipande cha waya wowote auokotao. Mtu huyo amefanana na mlinzi anayemziba mbwa wake mdomo kwa kuwa anabweka usiku. Mbwa atanyamaza, lakini mwizi hatakuwa ameondoka.

Tena kuna suala la waya wenyewe. Sokoni hupatikana nyaya za alumini zilizopakwa shaba kwa juu tu, na kwa macho huwezi kuzitofautisha na za shaba tupu. Alumini ina ukinzani wa mara 1.6 hivi ya ule wa shaba, nayo huvunjika upesi inapopindwa na kulegea mahali inapofungwa kwa skrubu. Fundi mwaminifu aliyepimia kazi kwa shaba, akauziwa alumini, amejenga juu ya uongo asioujua. Kwa hiyo Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa lina alama yake ya kuitafuta, na kwa hiyo kisu kidogo cha kukwangua ncha ya waya dukani ni rafiki wa kila mnunuzi: ndani ikiwa nyeupe, rudisha. Rahisi hugharimu, wazee walisema. Nami naongeza kwamba rahisi ya umeme hugharimu wakati umelala.

Sasa nitakueleza jambo nililoliona mwenyewe. Katika mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha nilipanga chumba Malaba, katika safu ya vyumba vilivyokuwa na bafu moja. Kila mtu wa safu ile alijua kwamba bomba la bafu lilikuwa "likitetema": ukiligusa kwa vidole vilivyolowa, ulihisi kama siafu wanatambaa chini ya ngozi. Nilimwendea mwenye nyumba nikamwambia kwamba umeme unavuja kutoka kwenye kifaa cha kupasha maji, na kwamba hakuna waya wa ardhi. Alikuwa mzee mpole, mwenye kusali, wala hakunijibu kwa hasira. Aliniambia, "Mwalimu, vaa malapa." Nilimwuliza juu ya watoto waliooga pale bila malapa. Akasema wazazi wao wawanunulie. Nilihama mwisho wa mwezi ule. Kabla ya jioni chumba kilikuwa kimepangwa tena, na aliyekipanga ni mama mwenye watoto wawili.

Jibu lile la malapa limekaa moyoni mwangu hata leo, kwa kuwa ndani yake imo habari nzima ya uovu huu. Waya wa ardhi uliokosekana ulikuwa juu ya mwenye nyumba. Yeye akauondoa begani mwake akauweka miguuni mwa mtoto. Hivyo ndivyo ilivyo kila mara. Anayeizunguka kanuni ni mwenye mali, na anayelipa ni asiye na viatu.

Pengine utasema kwamba bomba lile lilitetemesha tu, halikuua. Basi jua jinsi umbali kati ya kutetema na kufa ulivyo mfupi. Miliampea 1 ya umeme hutekenya. Miliampea 10 huweza kuukaza mkono mtu asiweze kuachia alichokishika. Miliampea 30 hutatiza pumzi, na kuanzia 50 hivi kwenda juu moyo huweza kupoteza mapigo yake. Mwili uliolowa waweza kuwa na ukinzani wa omu 1,000 hivi; gawanya volti 240 kwa hizo, nawe utapata miliampea 240. Sasa itazame fyuzi ya plagi, iliyoandikwa ampea 13. Ampea 13 ni miliampea 13,000. Mtu akifa kwa miliampea 240, fyuzi ile haitajua kwamba limetokea jambo lolote. Fyuzi hulinda waya usiungue. Haikuwekwa kukulinda wewe. Kinachokulinda ni waya wa ardhi, ambao huuongoza umeme uliovuja kwenda ardhini kwa wingi hata fyuzi ikatike, pamoja na kile kifaa kinachopima umeme utokao na umeme urudio, kikakata njia upesi mno tofauti ikifika miliampea 30. Asemaye "kuna fyuzi, inatosha" hajui fyuzi ni nini.

Udhuru wa tatu una nguvu zaidi, nami nitautendea haki. Husemwa: "Wako mafundi hodari wasio na leseni, na wako wenye leseni wasiojua kitu. Karatasi haishiki koleo." Ni kweli kwamba karatasi haishiki koleo. Nimewaona vijana waliojifunza kazi mikononi mwa wajomba zao ambao usafi wa kazi yao ungempendeza mhandisi. Lakini Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 inataka kazi ya umeme ifanywe na mwenye leseni, nayo Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli ndiyo itoayo leseni hiyo kwa madaraja, kwa sababu moja kubwa: leseni humpa fundi jina. Nyumba ikiungua, aliyetia sahihi hujulikana, huulizwa, na huweza kunyang'anywa ruhusa ya kuharibu nyumba nyingine. Fundi asiye na leseni, hata akiwa hodari namna gani, kazi yake haina mwenyewe. Kijana hodari wa namna hiyo tusimfukuze. Tumpeleke chuo cha ufundi, afanye mtihani, apate jina linalolingana na mikono yake.

Nami sitawaacha wenye leseni wapite bila neno. Kampuni haitakiwi kuweka mita mpaka ioneshwe cheti cha fundi mwenye leseni kwamba nyaya zimekaguliwa. Akiwapo mtu atiaye sahihi cheti cha nyumba ambayo hajaikanyaga, akapokea noti chache mezani na kuandika vipimo alivyovitunga kichwani, huyo kwangu ni mbaya kuliko mafundi wote wa vichochoroni. Fundi wa kichochoroni huuza kazi mbovu. Huyu huuza imani. Familia hulala usingizi kwa kuitegemea karatasi yake. Daktari akiandika kwamba mgonjwa ni mzima bila kumwona, tutamwita nini? Jina hilohilo na limfae mwuza sahihi.

Udhuru wa nne ni methali, na methali ni ngumu kuzijibu kwa kuwa zina mvi. "Ajali haina kinga." Maneno haya husemwa makaburini, yakamfariji aliyefiwa, nami sina ugomvi nayo yakiwa mahali pake. Lakini yamegeuzwa kuwa kichaka cha kujificha wazembe. Waya uliopitishwa juu ya mabati bila kufungwa, ukasuguliwa na upepo mpaka plastiki ikatoka na paa zima likawa na umeme, je, hiyo ni ajali? Mama akianika nguo mbichi kwenye kamba ya chuma iliyofungwa kwenye paa lile, akatupwa chini, je, hakukuwa na kinga? Kinga ilikuwapo. Ilikuwa ni paipu ya plastiki ya kupitishia waya na nusu saa ya kazi. Jambo lililojulikana tangu mwaka 1882 haliwezi kuitwa kudura. Ajali haina kinga, lakini uzembe unayo. Na tuache kumsingizia Mungu madeni ya mafundi na ya wenye nyumba.

Sasa nageuka kwako, mwanafunzi, kwa kuwa wewe si mtazamaji tu wa mashtaka haya. Nani kati yenu hajapata kutia kalamu katika tundu la juu la soketi ili plagi ya pini mbili iingie na simu ipate moto? Tundu hilo ni la waya wa ardhi. Limetengenezwa kwa namna ambayo pini ndefu ya plagi ndiyo ifunguayo milango midogo ya matundu mawili ya chini, ili kidole au msumari wa mtoto usifike kwenye umeme. Wewe, kwa kalamu yako, umeifungua milango iliyofungwa kwa ajili ya mdogo wako. Ndiyo njia ya panya ya kwanza ambayo vijana wetu hujifunza, nayo huanzia mezani pa kusomea.

Wewe ndiwe utakayejenga kesho, utakayepanga, utakayepangisha. Miongoni mwenu watatoka mafundi, na miongoni mwenu watatoka watia sahihi. Basi kabla hamjafika huko, jifunzeni kuuliza. Ingia nyumbani kwenu leo uulize: Swichi kuu iko wapi, na kila mtu wa nyumba hii anajua kuizima? Waya wa ardhi umeshuka wapi, na umeunganishwa kweli na nondo iliyozikwa ardhini? Kifaa cha kupasha maji kina njia yake pekee? Soketi hii inayopata moto tunapopiga pasi, mbona haijabadilishwa? Nani aliyezikagua nyaya hizi, na jina lake limeandikwa wapi? Maswali haya si utovu wa adabu. Mtoto ayaulizaye kwa heshima, kwa baba au kwa mwenye nyumba, hakumvunjia mtu heshima. Amemwokolea mtu nyumba.

Na ikiwa msiba utatokea kabla ya majibu kupatikana, kumbuka mambo mawili. Mtu akinaswa na umeme, usimshike. Zima swichi kuu kwanza, na kama haifikiki, msukume kwa mti mkavu nawe umesimama mahali pakavu. Moto ukianza kwenye nyaya, usiumwagie maji. Kata umeme, watoe watu, na wito upigwe.

Kwa wenye nyumba wa Busia na Malaba nina neno moja la mwisho. Ninyi mmejenga kwa jasho, na miji yetu inawahitaji. Lakini ukuta ukishapigwa lipu, hakuna mpangaji awezaye kuona mlichoficha ndani yake. Yeye hulipa kodi kwa kuamini. Waya wa ardhi mliounyima ukuta huo hauonekani katika bei ya chumba, wala hauonekani machoni pa mgeni anayefika usiku amechoka. Utaonekana siku moja tu, na siku hiyo hautaonekana kwenu. Uwekeni leo.